Jino la Mama na Jibu la Mwalimu

Mama yangu hakuweza kufungua kinywa zaidi ya upana wa vidole viwili. Tonge la ugali alilikata mara tatu kabla ya kulitia mdomoni, embe alilikwangua kwa kijiko, na akipiga miayo alishika taya kwa kiganja asije akaumia. Chini ya kidevu, upande wa kushoto, alikuwa na kovu refu kama kidole changu cha shahada, ambalo alilifunika kwa pindo la kanga mbele ya wageni. Watu walimwuliza limetokana na nini, naye alijibu neno moja tu: jino. Mimi nikiwapo, niliondoka. Kovu lile nilikuwa nimelitia mimi, au ndivyo nilivyoamini, na hofu ya kugundulika ilikaa nami tangu nina miaka kumi na miwili mpaka nikawa mama wa mtu.

Tulikuwa tunakaa Maili Moja, nyuma ya maduka, chumba kimoja katika nyumba ya udongo ya vyumba vitatu. Baba alikuwa mpishi wa kambi ya watengeneza barabara na tulimwona mwisho wa mwezi, siku mbili, kisha akarudi barabarani kwake. Mama alifua na kupiga pasi kule juu, kwenye nyumba za watumishi wa serikali. Tulisema "kule juu" ingawa kilima chenyewe ni mwinuko tu ambao hata mpanda baiskeli hausikii. Lakini bomba la maji liliishia kule, na nyaya za umeme ziliishia kule. Shuleni tuliimba nyimbo za usawa kila asubuhi. Niliimba kwa sauti kubwa, na jioni nilikwenda kumsaidia mama kubeba karai la nguo za watu.

Nyumba moja alikofua mama ilikuwa na binti wa rika langu. Siku moja alinivuta kando ya kamba ya nguo, akafungua mdomo, akanionyesha gego lililozibwa kwa kitu cha kung'aa. Nilidhani ni pambo na nikalionea wivu. Akaniambia hapana, lilianza kutoboka likazibwa, na kwamba kila likizo baba yao huwachukua wote wanne kwenda mjini kuangaliwa meno.

"Yanawauma?" nikamwuliza.

"Hayaumi. Yanaangaliwa tu."

Nilimsimulia mama tukiwa njiani kurudi. Alisimama na karai lake kichwani.

"Wanamwendea mganga na meno mazima?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka mpaka karai likayumba. Tulilicheka jambo hilo wiki nzima, na majirani nao wakalicheka.

Sisi meno tuliyasugua kwa mswaki wa mti, na mkaa uliotwangwa pamoja na chumvi, na yalikuwa meupe kuliko ya wale watoto walioshinda na peremende shavuni. Mama alilisema hilo kwa fahari na lilikuwa kweli. Tofauti ilianza jino likiuma. Kwanza tulitia karafuu. Karafuu ikishindwa, pamba yenye mafuta ya taa. Mafuta yakishindwa, kulikuwa na fundi baiskeli pale stendi aliyekudondoshea tone la maji ya betri, na mtu alilia, akatulia, akamshukuru. Kwa mganga wa meno ulikwenda pale uso wako ulipokwisha kuwa wa mtu mwingine.

Mganga huyo alikuja zahanati yetu Jumatano moja kwa mwezi. Wa kule juu walipita mlango wa pembeni na karatasi mkononi. Sisi tulikaa foleni uani tangu alfajiri, na sindano za ganzi zikiisha, waliobaki walichagua wenyewe: wang'olewe hivyo hivyo au warudi mwezi ujao.

Mpangaji mwenzetu, mama mmoja aliyeuza vitumbua na aliyenipa kile kilichoungua kila asubuhi, alikwenda Jumatano moja na shavu lililovimba. Alirudi na pamba mdomoni. Alipoibadilisha nilitumwa mimi kwenda kuifukia nyuma ya choo, na ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea. Ijumaa tukamzika. Hakuna aliyekumbuka kwamba mama yule aliugulia jino lile mwaka mzima, kwa karafuu, kwa mafuta ya taa, kwa maji ya betri. Tulichokiona ni kwamba alikwenda kwa miguu yake, akang'olewa, akafa. Basi pale nyumbani ikawa hivyo: kung'oa jino kunaua.

Mama alikuwa mmoja wa wanawake watatu waliomuosha marehemu. Alipotoka mle chumbani alikwenda moja kwa moja mekoni. Alichukua mkaa na chumvi akasugua meno mpaka fizi zikatoka damu, akatema, akasugua tena. Nilisimama pembeni na kopo la maji, nikaogopa bila kujua ninachokiogopa.

Mwaka uliofuata Ramadhani iliangukia kiangazi. Ardhi ilikuwa imepasuka na kiu ilianza saa tatu asubuhi. Gego la mama la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limemsumbua tangu Shaabani, lakini alifua, alipiga pasi, alipika futari na hakulala hata siku moja. Jino kwetu halikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Homa ilikuwa ugonjwa, kuhara kulikuwa ugonjwa. Mtu mwenye jino alikuwa mtu mzima mwenye jino. Kwa hiyo alifunga. Mchana hakuthubutu hata kuweka karafuu, kwa kuogopa maji yake yasiteremke kooni.

Kufika siku ya kumi ya mwezi, shavu lilikuwa limejaa. Mama mwenye nyumba kule juu alimwona akipiga pasi kwa mkono mmoja, mwingine umeshika uso. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Alikwenda ndani akarudi na karatasi.

"Dada, kesho mganga wa meno yupo. Mpe hii, utapita mlango wa pembeni. Usikae foleni na uso huo."

Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kanga. Tulipofika nyumbani alikaa kizingitini, akaniita.

"Nenda chuoni kwa mwalimu. Mwamkie vizuri. Mwambie mama anauliza hivi: mtu aking'olewa jino mchana, akachomwa sindano, na damu ikamshuka kooni bila kupenda, funga yake ipo au haipo? Na kama haipo, afanye au angoje? Rudia."

Nilirudia neno kwa neno. Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani alikuwa mzee mpole mwenye kikohozi, na swali lilikuwa la dakika moja. Nilitoka nikafuata njia ya chuoni. Nilipofika kwenye kisima cha zamani nikakaa juu ya jiwe la kufulia, sikwenda mbele tena.

Nilijua atakachojibu. Hata mtoto wa juzuu ya kwanza alijua kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, kisha atalipa siku zake. Angesema, mwambie mama yako aende. Na mama angekwenda. Angeingia kwa ule mlango wa pembeni, angetoka na pamba mdomoni, na mimi ningeipeleka nyuma ya choo, na Ijumaa ningebaki na nani? Baba alikuwa barabarani. Nilikuwa na wadogo wawili ambao bado walinyanyuliwa wakiteleza. Nilikaa pale juani, mchana kweupe, mpaka nikaona muda umetosha wa mtu kwenda na kurudi.

"Mwalimu kasema ungoje," nikamwambia mama. "Mpaka baada ya Idi."

Alinitazama kidogo. "Kasema hivyo?"

"Kasema damu ikishuka, funga imekwenda. Kasema jino si ugonjwa."

Hilo la mwisho nililitoa kwa mama mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kuwasha moto. Mimi nilichukua ndoo nikaenda bombani, nikakawia huko mpaka magharibi ilipokaribia, kwa sababu sikutaka kuuona uso wake.

Jumatano ikapita. Nilipita karibu na zahanati nikaona foleni uani, watu wamejifunga vitambaa videvuni, wamekaa kimya, na ndani mtu akalia mara moja. Nilikimbia. Nilijiambia nimemwokoa mama yangu.

Alhamisi uvimbe ukashuka. Ulitoka shavuni ukaenda chini ya kidevu, ukawa mgumu. Nilimshika mama pale alipoegemea ukuta, ngozi ilikuwa ya moto na haikubonyea. Ijumaa sauti ikabadilika. Alizungumza kama mtu aliyeshika kiazi cha moto mdomoni, na mate alikuwa anayatema kwenye kopo kwa kuwa hayakumezeka. Futari aliitazama tu. Sasa nikaanza kuogopa kwa namna nyingine, kwa sababu nilikuwa nimeziba mlango mmoja na kile nilichokikimbia kimeingia kwa mlango mwingine. Mara mbili nilisogea mpaka kitandani kwake kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa amefumba macho. Mara ya pili aliyafumbua, na mimi nikauliza kama anataka maji.

Funga yangu nayo nilijua imekufa. Nimemsingizia mwalimu ndani ya Ramadhani, Mungu angenipokelea nini? Jumamosi kule juu, nilipokwenda kueleza kwamba mama hatakuja, niliinama kwenye bomba la uani nikanywa maji mchana, mengi, kwa hasira. Binti yao aliniona. Akaniuliza mama anaumwa nini. Nikasema malaria. Sijui kwa nini nilisema malaria. Nadhani niliona aibu, kwamba kwetu mtu anaweza kufa kwa kitu ambacho kwao kinaangaliwa tu.

Niliporudi mama alikuwa amekaa, mdomo wazi kidogo, anavuta pumzi kwa sauti. Aliandika hewani kwa kidole kuelekea Dar, kisha akapinda mkono kulia, kama njia inavyopinda kupanda milima ya Pugu. Kwa mama yake. Kisarawe.

Wadogo zangu nikawaacha kwa jirani. Tulishuka mjini kwa basi la kwanza tulilolipata, tukabadilisha gari, na njia nzima nilikuwa nahesabu pumzi zake. Nikifika thelathini nilianza upya. Nilikuwa nimeweka nadhiri kwamba zikikatika kabla ya thelathini, nitasema kweli mbele ya abiria wote. Nilifika ishirini na tisa mara nyingi, nikahesabu haraka.

Bibi alikuwa anapepeta mpunga uani. Alimtazama mwanawe mara moja, ungo ukamtoka mikononi.

"Hili jipu la lini?"

Mama hakuweza kujibu. Bibi akanigeukia mimi.

"Jino," nikasema. "Tulikuwa tunangoja Idi."

"Nani kawaambieni mngoje Idi na jipu mdomoni? Mgonjwa hana saumu. Hata miye nisiyesoma najua."

Kulikuwa na nafasi ya kusema pale. Ilikuwa kubwa, ya kutosha mtu kupita. Nilisema, "Mwalimu."

"Mwalimu gani huyo? Nitakwenda Maili Moja kwa miguu yangu, nimwulize weye umesomea wapi."

Mama akanyoosha mkono akamshika Bibi kifundo cha mkono, akatikisa kichwa. Alitikisa tena na tena, macho yamemtoka, hata Bibi akanyamaza. Nilidhani ni maumivu.

Walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka hospitali ya wilaya, wajomba wawili na jirani wawili, na mimi nyuma nimeshika kandambili zake. Mganga aliyekuwa zamu alimwinua kidevu, akaita mwenzake kwa sauti ambayo haikupanda, na ndivyo nilivyojua hali ni mbaya. Mlango ukafungwa. Nilikaa barazani nimezivaa kandambili za mama mikononi. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye bakuli. Nilisikia mlio mmoja ambao haukuwa neno, mfupi, halafu kimya, na kimya kile ndicho kitu cha kutisha kuliko vyote nilivyosikia maishani mwangu. Niliomba Mungu anichukue meno yangu yote. Nilitaja moja moja, nikiyagusa kwa ulimi, nikimpa.

Muuguzi alitoka na ndoo iliyofunikwa. Harufu ilimtangulia.

"Ni usaha," akasema, "karibu bakuli zima. Mngechelewa mpaka kesho asingevuta pumzi. Hili jino angeling'oa wiki iliyopita angetembea mwenyewe nyumbani."

Alisema hivyo kwa Bibi. Mimi nilikuwa sakafuni.

Mama alikaa pale siku kumi na nane, na Idi ilimkuta na kitambaa shingoni. Alipona, lakini taya likakaza. Tulirudi Maili Moja, naye akarudi kwenye karai la kufulia, na mimi nikaanza maisha yangu mapya ya kuogopa. Kwanza nilimwogopa mwalimu. Nilimkwepa njiani, na chuoni nilikaa nyuma ya nguzo. Ramadhani zilizofuata mama alinituma kwake na bakuli la uji wa futari, kila jioni, na mwalimu alinipokea kwa kikohozi chake akasema, "Mama hajambo? Taya linamwendeaje?" Nilijibu hajambo na mikono ikatetemesha uji. Kila nilipoliinua bakuli nilidhani leo ndiyo siku atakayouliza kulikuwaje hata mama akachelewa vile. Hakuuliza. Na mama hakuwahi kumlaumu mbele yangu, hata siku moja, na hilo nalo lilinisumbua. Mimi ningekuwa yeye ningekwenda kumsimamia mlangoni.

Mwalimu akafariki. Nililia msibani kuliko wajukuu zake, na watu wakasema mtoto yule ana imani.

Nilikuja kusema kweli miaka mingi baadaye. Nilikuwa nimeolewa, nimekwenda kwa mama kuonyesha mtoto wangu wa kwanza, ambaye alikuwa ndiyo ameota jino la kwanza. Ilikuwa asubuhi, tumekaa mkekani. Mama alikuwa amempakata, kamtia kidole mdomoni kulipapasa lile jino, na akawa anacheka kile kicheko chake cha mdomo mdogo. Nikakitazama. Maneno yakanitoka yote, kisima, jiwe la kufulia, Idi, jino si ugonjwa. Nililia nikizungumza. Nilingoja anipe mtoto wangu aondoke.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Jioni ile ile. Ulipokwenda bombani mke wa mwalimu alikuja kuomba moto. Nikamwambia, mwalimu kanijibu vizuri, mshukuru. Akashangaa. Mwalimu alikuwa Dutumi tangu juzi yake, msibani."

Nilihesabu vidoleni kama mtoto. Jioni ile ilikuwa Jumanne. Jumatano ilikuwa haijafika. Karatasi ilikuwa bado imefungwa kwenye pindo la kanga.

"Basi kwa nini hukwenda, mama?"

Mtoto alikuwa ameking'ang'ania kidole chake.

"Yule mama wa vitumbua nilimuosha mimi. Nilimfungua kinywa nimtoe pamba, nikaliona shimo lenyewe. Kila nikifikiria kile kiti cha mganga naliona." Akavuta pumzi. "Ulipokuja na jibu lako nikashukuru. Nikasema afadhali kuna mtu amenikataza."

Nilikasirika. Sitaficha. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Miaka yote ile, mabakuli yote yale ya uji, naye alikuwa anajua, akaniacha nitetemeke peke yangu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mama yako anaogopa? Ulikuwa na nani mwingine?"

Mtoto alimuuma kidole, na mama hakukitoa.

"Huyu mpelekeni meno yakiwa mazima," akasema. "Kama wale wa kule juu. Akaangaliwe tu. Na mkiingia mle ndani usimbane mkono. Atajua unaogopa."

Nilimpeleka alipokaribia miaka minne, hospitali ile ile ya Kisarawe. Hakukuwa na lolote. Yule mganga alimwambia afungue mdomo, naye akaufungua wote, mpana, akicheka, kwa kuwa hakuna kitu kilichokuwa kimemuuma mle ndani.

Nilimbana mkono.